Ajuza Mlangoni: Mapendo, Woga na Ukamilifu katika Visakale vya Homa Bay na Migori

Utangulizi

Jimbo Katoliki la Homa Bay liliundwa mwaka 1993 kwa kumegwa kutoka Jimbo la Kisii, nalo linaenea katika kaunti mbili za leo, Homa Bay na Migori. Ndani ya mipaka hiyo mna mahali patatu ambapo ardhi yenyewe imegeuzwa kuwa masimulizi. Pa kwanza ni Simbi Nyaima, ziwa dogo la kasoko karibu na Kendu Bay, lenye umbo la duara na maji ya magadi. Jina lake husimulia kijiji kilichodidimia. Pa pili ni pwani ya Gwassi upande wa Nyandiwa, ambapo wenyeji humwonyesha mgeni mti wa Nyamgondho wuod Ombare na alama miambani zinazosemwa kuwa nyayo za mifugo yake. Pa tatu ni Got Kwer, mlima wa kaunti ya Migori ambao kwa waumini wa kanisa la Legio Maria ni mahali patakatifu, na ambapo alizikwa kiongozi wao Simeo Ondeto aliyefariki mwaka 1991.

Masimulizi ya mahali pote patatu yanakutana katika mhusika mmoja: mwanamke anayetokea bila kutarajiwa, asiyejulikana atokako, na ambaye jinsi anavyopokewa huamua hatima ya wanaompokea. Usomaji uliozoeleka wa visakale viwili vya kwanza, darasani na hata katika mahubiri, ni mwepisi. Huambiwa kwamba visakale hivi hufunza ukarimu, na kwamba mchoyo huadhibiwa. Makala haya yanadai kwamba usomaji huo hautoshi. Kisakale cha Simbi na kile cha Nyamgondho havisemi jambo moja, wala havikomei kwenye sadaka. Vikisomwa kwa pamoja huonyesha ngazi ya mapendo ambayo inakaribiana mno na ile iliyochorwa na wanateolojia wa Ulaya ya karne za kati, hasa Bernard wa Clairvaux (1090–1153) na Thomas Aquinas (aliyefariki mwaka 1274). Hata hivyo, visakale hivi vinafika mahali ambapo vinakataa kuifuata teolojia hiyo, na pale ndipo penye thamani yake kubwa kwa mhakiki.

Uhalali wa ulinganishi

Msomaji ana haki ya kuuliza ni kwa msingi gani masimulizi ya Wajaluo na Wasuba yapimwe kwa maandishi ya mtawa wa karne ya 13. Jibu la kwanza ni la kihistoria. Mwaka 1879, kwa waraka wa Aeterni Patris, Papa Leo XIII aliifanya falsafa ya Thomas kuwa msingi wa malezi ya mapadri. Wamisionari wa shirika la Mill Hill waliofungua misheni za Nyanza mwanzoni mwa karne ya 20, ikiwemo ile ya Asumbi, walikuwa wamelelewa katika elimu hiyo. Mkatekumeni aliyekariri katekisimu chini ya mti huenda hakuwahi kulisikia jina la Thomas, lakini alifundishwa kwamba fadhila za Kimungu ni tatu, imani, matumaini na mapendo, na kwamba iliyo kuu ni mapendo. Mpangilio huo wa fadhila ndio ulioijenga sehemu ya pili ya Summa Theologiae.

Jibu la pili ni la kimbinu, nalo ni zito zaidi. Ulinganishi huwa dhuluma pale tu unapokwenda upande mmoja, yaani pale fasihi simulizi inapofanywa mfano wa kupambia mafundisho yaliyokwisha kukamilika kwingine. Ukiachwa uende pande zote mbili, teolojia nayo huulizwa maswali na kisakale.

Istilahi zenyewe zinadokeza hivyo. Kiswahili cha Kikatoliki kilichagua neno mapendo, kwa wingi wake, kufasiri caritas ya Kilatini, na hivyo kulitofautisha na pendo au mapenzi ya kawaida. Kijaluo kina hera, neno la upendo kwa jumla, na pia ng'wono, ambalo hubeba wema wa kutoa, huruma na neema. Mama aliyempokea ajuza wa Simbi alikuwa na ng'wono kabla ya kuwa na sababu yoyote ya hera. Tofauti hii ndogo ya maneno ni ufunguo wa yote yanayofuata.

Simbi: mapendo yasiyojua

Muhtasari wa kisakale cha Simbi unafahamika, ingawa mapokezi yake yanatofautiana. Kijiji kimo katika sherehe. Watu wanakula, wanakunywa na kucheza ngoma. Ajuza mchovu na mwenye njaa anafika na kuomba hifadhi, anafukuzwa. Mama mmoja tu anampokea nyumbani mwake, anampa moto na chakula. Ajuza anamwonya aondoke na jamaa yake. Katika baadhi ya mapokezi mama anakwenda kumwita mumewe kutoka ngomani. Kisha mvua inanyesha, ardhi inadidimia, na kijiji kinakuwa ziwa.

Jambo la kwanza la kutazama ni kwamba kisakale hakiilaumu sherehe. Watu wa Simbi hawakuwa wachoyo wao kwa wao. Walikuwa wanakula pamoja. Kosa lao haliko katika kukosa upendo, bali katika mpaka walioupa upendo wao. Thomas analijadili suala hili katika swali la 26 la Secunda Secundae, kuhusu mpangilio wa mapendo. Anakubali kwamba mtu huwapenda zaidi walio karibu naye, na hauoni ukaribu huo kuwa dhambi. Lakini katika swali la 31 anaongeza kwamba mgeni aliye katika dhiki kubwa aweza kustahili kusaidiwa kabla hata ya baba asiye na dhiki kama hiyo. Uhitaji unaobisha hodi hubadilisha mpangilio. Simbi iliangamia kwa sababu ilidhani mpangilio wa karamu ndio mpangilio wa mapendo. Wahenga walikwisha kusema, mgeni njoo, mwenyeji apone. Katika Simbi, mwenyeji aliyepona ni yule mmoja aliyemkaribisha mgeni.

Jambo la pili ni ujinga wa yule mama, ujinga kwa maana ya kutojua. Hajui kwamba ajuza ana uwezo, wala hatazamii malipo. Katika kazi yake De diligendo Deo, Bernard anaeleza daraja nne za upendo. Katika ya kwanza mtu hujipenda kwa ajili yake mwenyewe. Katika ya pili humpenda Mungu kwa faida anayoipata. Katika ya tatu humpenda Mungu kwa ajili ya Mungu mwenyewe. Katika ya nne, ambayo ni adimu mno hapa duniani, mtu hujipenda kwa ajili ya Mungu tu. Mama wa Simbi hazungumzi habari za Mungu, lakini tendo lake limeruka daraja ya pili bila kuikanyaga, kwa kuwa hapakuwa na faida ya kuonekana ambayo angeweza kuitamani.

Hapa ndipo kisakale kinapojifunga chenyewe kwa fundo ambalo uhakiki wa mazoea haujaliona. Mama alitoa bila kujua, hadhira inajua. Mtoto aliyesimuliwa Simbi jioni hawezi tena kumfungulia mlango ajuza yeyote kwa kutojua, kwa maana tayari amekwisha kusikia kwamba huyo huenda ndiye. Fanani anasifu tendo lisilo na hesabu, huku akimpa msikilizaji sababu nzuri ya kupiga hesabu. Thomas angeyatambua haya kuwa suala la woga. Katika swali la 19 anatofautisha woga wa mtumwa, unaoogopa adhabu, na uchaji wa mwana, unaoogopa kumpoteza ampendaye. Haudharau ule wa kwanza, kwa sababu humwandalia mtu njia, lakini hauiti mapendo. Simbi, kwa hadhira yake, ni kisakale cha woga wa kwanza. Kinaufungua mlango, lakini hakiwezi kuhakikisha kwamba aliyeufungua amempenda aliyeingia.

Nyamgondho: mapendo yaliyosahau

Kisakale cha Nyamgondho huanza pale Simbi inapoishia, baada ya mlango kufunguliwa. Nyamgondho ni mvuvi fukara. Siku moja mtego wake unamtoa ziwani mwanamke mzee asiyependeza macho, naye anaomba achukuliwe nyumbani. Nyamgondho anakubali. Tangu siku hiyo mali inaongezeka: ng'ombe, mbuzi, wake, heshima. Kisha usiku mmoja anarudi mlevi, anacheleweshewa lango, naye anamtukana ajuza kwa kumkumbusha kwamba yeye ndiye aliyemvua ziwani. Ajuza anaondoka na kushika njia ya ziwa, mifugo yote inamfuata majini, na Nyamgondho anabaki ufuoni akitazama, hadi anageuka mti.

Kumsoma Nyamgondho kama mchoyo ni kuliacha kando tendo lake la kwanza. Alimpokea mgeni ambaye Simbi yote, isipokuwa mama mmoja, ingemkataa. Wala hakumnyima kitu. Thomas anasisitiza katika swali la 23 kwamba mapendo kwa asili yake ni urafiki, na urafiki haujengwi na tendo moja la wema. Unahitaji kupeana na kuishi pamoja. Ndiyo maana katika swali la 24 anagawa safari ya mapendo katika hatua tatu: wanaoanza, ambao kazi yao ni kuepuka uovu; wanaoendelea, ambao kazi yao ni kukua katika wema; na wakamilifu, ambao shauku yao ni kuambatana na Mungu na kumfurahia. Kutokana na hilo, Simbi ni kisakale cha mwanzo wa njia, na Nyamgondho ni kisakale cha katikati yake, pale ambapo mtu amekwisha kufanya wema na sasa anatakiwa kudumu ndani yake.

Nyamgondho alikwama kwenye daraja ya pili ya Bernard. Alimpenda ajuza kwa kile alicholeta, na mali ilipokuwa imezoeleka, aliyeileta akawa mzigo. Methali ya fadhila za punda ni mateke inamgusa, lakini tukano lake lina uzito zaidi ya teke. Thomas, katika swali la 107, anapanga daraja za kukosa shukrani. Kuna asiyelipa wema, kuna anayeuficha, na kuna aliyeusahau kabisa. Kinyume kibaya zaidi cha shukrani ni kulipa ubaya kwa wema na kuhesabu hisani kuwa si hisani. Nyamgondho anapitia hatua zote hizo kwa sentensi moja.

Uchambuzi wa sentensi hiyo ni muhimu kwa fasihi kuliko kwa maadili. Anachokisema Nyamgondho ni kweli, alimvua ziwani. Tukano lake ni usimulizi upya. Kisa kile kile ambacho mwanzoni kilikuwa habari ya mgeni kuingia nyumbani na kuleta baraka, sasa kinasimuliwa na yeye kama habari ya tajiri aliyemwokoa kikongwe. Matukio hayakubadilika, aliyebadilika ni mfadhili. Ugomvi wa langoni basi ni ugomvi juu ya nani ana haki ya kusimulia mwanzo. Ajuza hajibu kwa maneno. Anarudi pale mwanzo ulipotokea, na kila kilichotokana na mwanzo huo kinamfuata. Mifugo inayoingia ziwani ni hoja, nayo inasema mali ilikuwa ya simulizi la kwanza, si la pili.

Kwa njia hii kisakale cha Nyamgondho kinairekebisha Simbi. Msikilizaji wa Simbi aweza kudhani kwamba inatosha kujua mgeni huenda ana uwezo. Nyamgondho alijua, aliona kwa macho yake. Kujua hakukumwokoa. Visakale hivi viwili, vinavyosimuliwa katika eneo moja, kwa pamoja vinaziba njia mbili za mkato: ya kwanza, kwamba mapendo ni kwa watu wa nyumbani tu, ya pili, kwamba mapendo ni biashara na mgeni mwenye nguvu. Kinachobaki baada ya njia hizo kuzibwa ndicho Thomas anachokiita ukamilifu katika swali la 184, akisema kwamba umo hasa katika mapendo, na kwamba kiini chake kiko ndani ya amri zinazomhusu kila mtu. Mashauri ya kitawa ni nyenzo za kuufikia. Mama wa Simbi na mvuvi wa Gwassi, kwa mujibu wa hoja hiyo, walikuwa na wito uleule na mtawa wa monasteri.

Migori: ajuza aliyebaki

Simulizi la tatu haliko katika mfumo wa kisakale cha kale, na si sahihi kulihesabu pamoja na yale mawili bila tahadhari, kwa kuwa ni imani hai ya watu. Legio Maria ilijitenga na Kanisa Katoliki mwanzoni mwa miaka ya 1960, ikiongozwa na Simeo Ondeto pamoja na Gaudencia Aoko. Masimulizi ya waumini husema kwamba, kabla ya hapo, mwanamke wa ajabu aliwatokea Wakatoliki kadhaa na kuwapa ujumbe. Waumini humtukuza kama Bikira Maria mwenyewe aliyekuja kukaa miongoni mwao.

Kwa mtazamo wa fasihi, simulizi hili linaitoa hadhira katika fundo la Simbi kwa namna ambayo visakale havikuweza. Mwanamke mgeni anapewa jina, tena jina la mama. Hapimi tena wenyeji kwa siri. Amekuwa wa nyumbani. Si ajabu kwamba jumuiya iliyosimama juu ya simulizi hilo ilivuta wagonjwa waliotafuta uponyaji na watu wa ndoa za wake wengi ambao sakramenti za kanisa la awali ziliwapita. Aidha, wakati Kanisa la Roma lilipokuwa likielekea kwenye lugha za wenyeji baada ya Mtaguso wa Pili wa Vatikani (1962–1965), Legio ilishikilia Kilatini. Kwa mhakiki, hilo si kioja. Ni namna ya kukataa kusahau mwanzo, ambako ndiko kosa la Nyamgondho. Hata hivyo, simulizi hili nalo lina gharama yake. Mgeni akishapewa jina, anayekuja kesho bila jina aweza kukosa nafasi. Jumuiya yoyote iliyomtambua ajuza wake, ya Roma au ya Got Kwer, iko hatarini kugeuka sherehe ya Simbi.

Mahali pasipo na toba

Imebaki kutazama pale ambapo visakale vinaikataa teolojia. Thomas anafundisha kwamba mapendo yaweza kupotea kwa dhambi moja nzito, na Nyamgondho ni mfano wake kamili, kwani tusi moja limetosha. Lakini kwa Thomas kilichopotea hurudishwa kwa kitubio. Katika Gwassi hakirudi. Nyamgondho hapewi nafasi ya kuomba radhi, na Simbi haiinuki kutoka chini ya maji. Zaidi ya hayo, Simbi inaangamia kama kijiji, watoto na wakubwa, wakati ambapo Thomas humpima kila mtu kwa dhamiri yake.

Mhubiri hushawishika kuuita huu upungufu wa mapokezi ya kale, unaongoja kutimizwa na Injili. Tafsiri hiyo haisikilizi. Visakale hivi ni vya usuli. Kazi yake ni kueleza kwa nini kuna ziwa hapa na mti pale. Kisakale ambacho ndani yake Nyamgondho amesamehewa kisingeacha mti. Ukali wa mwisho ni sharti la kumbukumbu. Na kumbukumbu hiyo inabeba fundisho ambalo mfumo wa dhamiri binafsi huelekea kulipuuza. Yako madhara ya kukosa mapendo ambayo msamaha hauyafuti. Aliyefukuzwa usiku wa mvua aweza kumsamehe aliyemfukuza, lakini usiku ule haurudi. Mti unasimamia usiku ule.

Ni jambo la kukumbukwa kwamba Summa Theologiae yenyewe haikukamilika. Thomas aliacha kuandika Desemba 1273, akiwa katikati ya maswali kuhusu kitubio. Mahali ambapo visakale vya Homa Bay vinanyamaza ni pale pale ambapo kalamu yake iliwekwa chini. Hiyo ni sadfa, wala haithibitishi lolote. Lakini inamzuia mhakiki asiseme kwa wepesi kwamba upande mmoja una jibu na mwingine una swali.

Hitimisho

Makala haya yamejaribu kuonyesha kwamba visakale vya Simbi na Nyamgondho vinajibizana: kimoja kinahusu mlango, kingine kinahusu yanayofuata baada ya mlango. Mapendo katika Simbi hutangulia ujuzi. Katika Gwassi hupotea licha ya ujuzi. Katika simulizi la Migori hutafuta kudumu kwa kumpa mgeni jina. Ngazi za Bernard na Thomas zinasaidia kuzitaja hatua hizo, lakini hazimalizi maana yake.

Kwa walimu wa fasihi simulizi, matokeo yake ni ya kivitendo. Swali la kuulizwa darasani lisikomee kwenye funzo la hadithi, kwa kuwa mwanafunzi atajibu ukarimu, na ajuza atageuka chombo cha kupimia wengine. Lililo bora ni kuuliza anayesimulia mwanzo ni nani, na nani ameachwa nje ya usimulizi huo. Ajuza wa Simbi aliomba moto na chakula kabla ya kuwa ishara ya kitu kingine chochote. Usomaji unaosahau njaa yake, hata ukijaa istilahi za mapendo, umekwisha kumfungia mlango.